Kupozwa na Kuponywa: Askari Aliyerudi, Mapenzi na Ardhi katika Riwaya Mbili

Utangulizi

Kuna kisa kimoja ambacho fasihi pendwa ya Marekani haijachoka kukisimulia. Askari anarudi kutoka vitani akiwa na viungo vyake vyote, lakini usingizi umempotea. Mlango ukibamizwa hushtuka. Watu wakikusanyika huondoka. Hatimaye anafika katika ranchi iliyo mbali na mji, ambako kuna farasi wa kulisha, ua wa kutengeneza, na mtu mwingine aliyerudi vitani na majeraha yake. Kazi inawakutanisha, mapenzi yanawafungua ndimi, na kufikia ukurasa wa mwisho wote wawili wamepona. Kisa hiki hakikosi ukweli. Aliyeumia nafsi anahitaji kazi ya mikono, kiumbe cha kutunza na mtu wa kumwamini. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo kisa hiki hakiliulizi: ranchi hiyo ni ya nani, na ilikuwa ya nani kabla askari huyo hajaifikia?

Makala haya yanaliuliza swali hilo kwa kuzisoma pamoja riwaya mbili ambazo si kawaida kuwekwa pamoja: Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964, na Ceremony ya Leslie Marmon Silko, iliyotoka mwaka 1977. Ya kwanza inatoka katika Kenya ya walowezi. Ya pili inatoka Laguna, jamii ya wenyeji wa asili katika jimbo la New Mexico nchini Marekani. Hakuna haja ya kudai kwamba mwandishi mmoja alimwathiri mwenziwe. Kinachozikutanisha kazi hizi ni hali ya wahusika wake: wamerudi kutoka vita vya wengine, wamekuta ardhi ya wazee wao iko mikononi mwa mtu mwingine, na tiba wanayoitafuta inapatikana, au inakosekana, katika ardhi hiyo hiyo.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa sana kwa uchunguzi huu. Kupoza ni kupunguza ukali: chai hupozwa, hasira hupozwa, moyo wa mfiwa hupozwa. Kuponya ni kuondoa ugonjwa wenyewe. Mtu aliyepozwa aweza kuishi miaka mingi kwa utulivu, naye bado ni mgonjwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mapenzi na kazi ya shamba peke yake humpoza tu askari aliyerudi. Humponya pale ambapo dhuluma iliyo chini ya miguu yake imetajwa kwa jina lake, na yupo mtu wa kuisikia ikitajwa.

Ugonjwa uliotangulia jina lake

Yafaa ikumbukwe kwamba riwaya zote mbili ziliandikwa kabla ya ugonjwa huu kupata jina rasmi unaloitwa leo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia madaktari wa Uingereza walidhani kwamba askari aliyetetemeka au kupoteza sauti alikuwa ametikiswa na mlipuko wa mizinga, na maelezo hayo yaliingia katika majarida ya tiba mwaka 1915. Ilikuwa mwaka 1980 tu ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouingiza katika orodha yake ya maradhi ugonjwa wa mfadhaiko unaomwandama mtu baada ya tukio la kutisha, hasa kutokana na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Kwa hiyo wahusika wa Ngũgĩ na Silko hawana istilahi ya kitabibu ya kujieleza. Wana dalili tu: kutapika, kunywa, kunyamaza, hasira isiyo na mwisho.

Nchini Kenya tiba ya akili ya kikoloni ilikuwa na majibu ya namna yake. Mwaka 1954, katika kipindi cha hali ya hatari, daktari J. C. Carothers, aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandikia serikali taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo aliwaeleza wapiganaji kama watu waliong'oka katika mila zao bila ya kuota mizizi katika maisha mapya. Kwa maelezo hayo kiini cha mgogoro kiliondolewa katika ardhi na kuwekwa katika nafsi ya Mwafrika. Weep Not, Child, iliyotoka miaka kumi baadaye, yaweza kusomwa kama jibu. Ngũgĩ hakatai kwamba Boro ni mgonjwa. Anachokataa ni kuutenganisha ugonjwa huo na hati ya shamba.

Wazee wawili katika shamba moja

Msomaji wa Weep Not, Child humkumbuka zaidi kijana Njoroge na ndoto yake ya elimu. Lakini nyuma ya Njoroge wamesimama wanaume watatu waliorudi vitani, na wawili kati yao wanakutana kila siku katika shamba moja. Wa kwanza ni bwana Howlands. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza akiwa kijana, na amani ilipokuja aliiona haina maana. Hakuweza kukaa tena Uingereza. Alikuja Afrika ya Mashariki kukimbia, na hapo akapata ardhi. Riwaya inaeleza mapenzi yake kwa ardhi hiyo kwa namna ambayo haielezi mapenzi yake kwa binadamu yeyote. Alirudi kwao kutafuta mke, naye Suzannah akaja, akachoshwa na upweke wa shamba. Howlands hakuchoka. Shamba ndilo aliloliabudu. Mwanawe Peter alipouawa katika vita vya pili, alizidi kujishikiza kwenye udongo.

Historia inathibitisha kwamba Howlands hakuwa wa peke yake. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi askari wa Kizungu waliorudi vitani, na mashamba yakatolewa kwa bahati nasibu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa tayari imeruhusu hati za miaka 999. Kwa hiyo kile kisa cha askari anayepata faraja katika shamba la mbali kilikuwa sera ya dola kabla ya kuwa mapenzi ya vitabuni. Waafrika waliotumikia vita hivyo hivyo hawakuwamo katika mpango huo. Wengi walikuwa wapagazi wa kikosi kilichoacha jina lake, Kariakoo, katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Waliorudi, baadhi yao walikuta ardhi yao ina mwenyewe mpya.

Ngotho ni mmoja wa hao. Kwa masimulizi anayowapa watoto wake usiku, vijana wa rika lake walichukuliwa kwa nguvu kufyeka misitu na kutengeneza barabara za majeshi. Aliporudi, ardhi ya baba yake ilikuwa imekwenda. Sasa anaishi kama muhoi katika ardhi ya Jacobo, na anafanya kazi katika shamba la Howlands, ambalo ndilo shamba la wazee wake. Analitunza kwa uangalifu kwa sababu anaamini utabiri kwamba litarudi. Basi wanaume hawa wawili wamepigana vita kimoja, wanalipenda shamba moja, na wote wana mwana aliyekufa katika vita vya pili: Peter kwa Howlands, Mwangi kwa Ngotho.

Ngũgĩ anawakutanisha katika mandhari fupi ambayo yastahili kuhesabiwa miongoni mwa kurasa bora za riwaya hii. Wanatembea pamoja shambani wakilitazama. Howlands anaeleza wasiwasi wake juu ya nani atalirithi, kisha anataja kwamba vita vilimchukua mwanawe. Kwa nukta moja mlango wa tiba uko wazi. Hapa pana kila kitu ambacho kisa pendwa kinakihitaji: askari wawili wa zamani, msiba unaolingana, kazi ya pamoja, na ardhi nzuri iliyotulia. Lau kisa kingekuwa cha aina ile ya kwanza, mmoja angeweka mkono juu ya bega la mwenziwe.

Ngotho hasemi. Moyoni anatamani kumwambia bwana huyo kwamba ndiye aliyemchukua Mwangi, na anaona kuwa Howlands hana haki ya kulalamika kwa sababu vita vilikuwa vyake. Lakini maneno hayatoki. Si kwamba Ngotho hajui la kusema. Uhusiano wa bwana na kibarua haumpi mahali pa kulisema. Mtu aliyeajiriwa katika shamba lililokuwa lake hawezi kutaja msiba wake bila ya kutaja shamba, na akilitaja shamba atafukuzwa. Kwa hiyo Howlands anapozwa kwa kusikilizwa, na Ngotho anabaki na moto wake. Faraja ya mmoja imelipiwa na kimya cha mwingine.

Ni jambo la kumsifu Ngũgĩ kwamba hakumnyima Howlands jeraha. Mwandishi aliyekuwa kijana, akiandika karibu na kumbukumbu za hali ya hatari, angeweza kumchora mlowezi kama zimwi tu. Badala yake anaonyesha kwamba ukatili wa Howlands unatoka katika kile kile kilichompoza. Alipojihisi kwamba shamba litachukuliwa, dawa yake iligeuka sumu. Anakubali kuwa bwana wilaya, anatesa watu, na anamtesa Ngotho mwenyewe kiasi cha kumhasi. Mtu aliyepozwa na mali ya mwenziwe hana budi kuilinda faraja yake kwa silaha. Hapo ndipo tofauti ya kupozwa na kuponywa inapodhihirika: aliyepona hahitaji kumtesa mtu ili aendelee kulala.

Boro, au aliyechelewa kupona

Askari wa tatu ni Boro. Alitumwa mbali katika vita dhidi ya Hitler, hata Burma. Katika hili anawakilisha kizazi kizima: divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, na Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alikuwa mmoja wa askari wa KAR waliohudumu huko kabla ya kuingia msituni. Boro anarudi bila ya ndugu yake Mwangi, bila ya kazi, na bila ya kipande cha ardhi. Baba anaposimulia jinsi ardhi ilivyochukuliwa, Boro anamuuliza anawezaje kuendelea kumtumikia mwenye kuichukua. Swali hilo linamjeruhi Ngotho kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Boro husomwa kwa urahisi kama ishara ya kisasi. Usomaji huo ni mwembamba. Dalili zake ni za mtu mgonjwa: hanyamazi kwa amani, hasemi kwa raha, hawezi kukaa nyumbani. Riwaya haimpi mpenzi. Mapenzi aliyokuwa nayo yalikuwa kwa Mwangi, na huyo amezikwa mbali. Akiwa msituni anakiri kwa mwenzake kwamba haamini kitu ila kisasi, na kwamba amewapoteza wapendwa wengi mno hata ardhi haina tena thamani kubwa kwake. Ungamo hili ndilo linaloizuia hoja ya makala haya isiwe rahisi mno. Laiti ardhi ingekuwa dawa ya peke yake, Boro angeitamani mpaka mwisho. Anaonyesha kwamba dawa hiyo ina wakati wake. Ikicheleweshwa, mgonjwa hupoteza hata hamu ya kuinywa.

Boro anamuua Jacobo, kisha anarudi kumwomba baba yake msamaha Ngotho akiwa anakata roho, kisha anakwenda kumuua Howlands. Msomaji anatazamia labda kwamba kifo hicho kitafungua kitu. Hakifungui. Kamau yu gerezani, Njoroge anashika kamba ya kujinyonga, na Nyokabi na Njeri wanabaki na nyumba isiyo na wanaume. Ngũgĩ amekataa kumpa msomaji faraja ya uongo, na kwa kukataa huko riwaya hii changa imepata uzito ambao si kila riwaya ya ukombozi inao.

Tayo na ng'ombe wa Josiah

Ceremony inaanza pale ambapo Boro alikwama. Tayo, kijana wa Laguna mwenye damu mchanganyiko, alijiandikisha jeshini pamoja na Rocky, binamu yake aliyelelewa naye kama ndugu. Walitekwa na Wajapani huko Ufilipino, na Rocky akauawa katika safari ya mateka. Tayo alikuwa ameahidi kumrudisha nyumbani. Katika matope ya msitu aliilaani mvua. Sasa nyumbani kuna ukame wa miaka sita, naye anaamini kwamba laana yake ndiyo iliyouleta. Tena, mjomba wake Josiah amekufa wakati yeye hayupo, na ng'ombe madoadoa ambao Tayo aliahidi kumsaidia kuwafuga wametoweka. Hospitali ya wanajeshi mjini Los Angeles ilimfanya ajione kama moshi, mtu asiyekuwapo. Aliporudi Laguna alianza kutapika na kunywa pamoja na askari wenzake, ambao hukaa katika vilabu vya pombe wakisimulia jinsi wanawake wa Kizungu walivyowapenda wakati wamevaa sare.

Tiba ya kwanza ya kijiji haimtoshi. Mganga mzee Ku'oosh anajua ibada ya kumtakasa mpiganaji aliyeua, lakini ibada hiyo ilikusudiwa mtu aliyemwona adui wake usoni. Vita ambavyo watu huuawa kutoka mbali, bila ya muuaji kujua amemuua nani, haina ibada yake. Tayo anapelekwa kwa Betonie, mganga anayeishi juu ya mji wa Gallup katikati ya kalenda kuukuu na vitabu vya simu, ambaye anafundisha kwamba ibada isiyobadilika hufa. Betonie hampi dawa ya kunywa. Anampa kazi: nyota za kutafuta, mlima wa kuupanda, mwanamke wa kukutana naye, na ng'ombe wa kuwarudisha.

Hapa ndipo ranchi inapoingia, na Silko anaijua ranchi vizuri kuliko waandishi wa kisa pendwa. Ng'ombe wa Josiah wako ndani ya ua mrefu wa waya wa mlowezi anayeitwa Floyd Lee, juu ya mlima ambao watu wa Laguna wanauheshimu na ambao ulichukuliwa kwao. Tayo anapokata waya ule usiku, kwanza anatafuta maelezo mengine: labda Floyd Lee aliwanunua ng'ombe hao kwa mtu aliyewaiba. Kisha anagundua kwamba akili yake imefunzwa kuamini kuwa wezi ni watu wa rangi yake tu. Ni katika kuutambua uongo huo, akiwa na koleo mkononi, ndipo ugonjwa wake unapoanza kuachia. Linalomfungua si busu wala mandhari nzuri ya mlima. Ni neno moja, wizi, linalowekwa mahali pake.

Mapenzi yapo, na ni mapenzi ya kweli. Mwanamke aitwaye Ts'eh anampokea nyumbani kwake kabla hajaupanda mlima, na Tayo anapokamatwa na walinzi wa ua kisha kuachiwa, ng'ombe anawakuta kwake wakiwa salama. Majira ya joto yanayofuata wanaishi pamoja katika ranchi ya familia ya Tayo, ng'ombe wakinenepa karibu nao, mwanamke akimfundisha mimea ya kukusanya. Kwa juu, hapa tumefika kwenye ukurasa wa mwisho wa kisa pendwa. Lakini mpangilio ni wa kinyume. Katika kisa pendwa mapenzi huleta uponyaji. Kwa Silko mapenzi yanakaa ndani ya urejeshaji: wapenzi wanalala katika ardhi iliyo yao, wakilinda mifugo iliyorudishwa kutoka mikononi mwa mwizi. Ts'eh hamwombi Tayo asahau. Anamwachia mmea wa kuuchuma kwa niaba yake, yaani deni la kulipa kwa ardhi.

Ndiyo maana Tayo anaweza kufanya jambo ambalo Boro hakuweza. Usiku wa mwisho, kwenye mgodi wa urani, katika jimbo lile lile lililoshuhudia bomu la kwanza la atomiki tarehe 16 Julai 1945, anamtazama Emo, askari mwenzake, akimtesa rafiki yao. Ana chombo cha kumuulia mkononi. Anajizuia. Wahakiki wenye haraka waweza kusema kwamba Tayo ni mwema kuliko Boro. Hilo litakuwa kosa. Tofauti kati yao haimo katika tabia. Watu wa Laguna, pamoja na yote waliyonyang'anywa, walibaki na ardhi ya kijiji, wazee, na nyumba ya ibada ambamo askari angeweza kuingia na kusimulia. Familia ya Ngotho ilikuwa muhoi. Kujizuia pia kunahitaji mahali pa kusimama.

Lugha ya jeraha

Riwaya hizi zina funzo kwa wataalamu wa lugha. Ku'oosh anapozungumza na Tayo anatumia lugha ya zamani, akieleza kila neno chimbuko lake, kwa kuwa kwa imani yake neno lisilo na historia yake halina nguvu. Na mwisho wa riwaya wazee wanamkalisha Tayo, wanamuuliza, na yeye anasimulia yote. Kisa cha mgonjwa kinaingizwa katika visa vya jamii. Hapo ndipo inapofaa kusema kwamba amepona, wala si alipokuwa kifuani mwa Ts'eh.

Boro hana lugha kama hiyo. Jeshi la KAR lilikuwa na Kiswahili chake, kilichoitwa KiKAR, lugha ya amri na kambi. Nyumbani palikuwa na Kikuyu. Riwaya yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Maumivu yake hayakupata kikao katika lugha yoyote kati ya hizo. Ngũgĩ baadaye aliacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza, na pamoja na sababu zake nyingine mtu aweza kuona kwamba wahusika kama Boro walikuwa wakidai jambo hilo tangu 1964.

Fasihi ya Kiswahili nayo haiwezi kujitoa katika swali hili. Ina utajiri wa tenzi za vita. Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Kazi hizi zimehifadhi vita kama tukio la umma, na kwa hilo zinastahili heshima. Lakini askari mmoja anayeshtuka usiku nyumbani kwake, miaka kumi baada ya bendera kushushwa, hakuwa somo la utenzi. Wapwani husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo humlaumu mgonjwa. Ngotho na Boro wanatufanya tuulize kama wakati mwingine maradhi hufichwa na wale wasiotaka kuyasikia.

Upungufu

Si haki kuzisifu kazi hizi bila ya kuonyesha mahali zinapolegea. Katika riwaya zote mbili wanawake hubeba tiba ya wengine na hawatibiwi. Ts'eh ni nusu binadamu na nusu nguvu ya mlima. Msomaji haelezwi anaumia wapi, na kwa hiyo mapenzi yake na Tayo si mapenzi ya watu wawili wenye mahitaji sawa. Kisa pendwa, pamoja na wepesi wake, walau huwapa wapenzi wote wawili majeraha. Kwa upande wa Ngũgĩ, Suzannah ni kivuli cha mke aliyechoshwa, ingawa naye alimpoteza Peter. Nyokabi, mama mzazi wa Mwangi, anaomboleza pembeni huku msiba ukihesabiwa kuwa wa Ngotho na wa Boro. Riwaya iliyoona kwamba kimya cha kibarua ni jeraha ingeweza kuona kwamba kimya cha mama nacho ni jeraha.

Vilevile, Silko anakaribia kuueleza uovu wote wa dunia kwa uchawi wa kale uliowazaa hata Wazungu. Fumbo hilo lina nguvu za kisanaa, kwani linamnyima mlowezi heshima ya kuwa chanzo cha kila kitu. Lakini linahatarisha kuifunika historia. Ua wa Floyd Lee haukujengwa na mchawi. Ulijengwa kwa waya, sheria na fedha.

Hitimisho

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa Wakenya zaidi ya 5,000 waliotendewa ukatili wakati wa hali ya hatari, kwa jumla ya pauni milioni 19.9. Fedha hizo, zikigawanywa, si nyingi. Lililokuwa na uzito ni kwamba mateso ya aina aliyoyapata Ngotho yalitajwa hadharani na upande uliohusika. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Boro alikuwa ameonya mapema kwamba dawa hii ina wakati wake.

Kisa cha askari wawili wanaopendana na kupona katika ranchi kitaendelea kuandikwa, na hakuna sababu ya kukibeza. Watu waliorudi vitani wanahitaji farasi, jembe na mkono wa mtu. Lakini Howlands alikuwa na vyote hivyo, na mke juu yake, akafa bila ya kupona. Tayo alikuwa na ng'ombe madoadoa wachache, ila aliwatoa katika ua alioukata kwa mikono yake, na wazee wakamsikiliza. Ngotho alilitunza shamba miaka mingi kuliko wote, akalipenda kuliko wote, na siku bwana wake alipotaja mwanawe aliyekufa, alimeza mate akaendelea kutembea.